Maji ya Mvua na Gundi ya Poni

Mwezi uliopita nilipanda gari asubuhi kutoka Koboko kwenda Arua kumzika Bwana Alioni, aliyekuwa meneja wangu nilipokuwa msichana. Nyumba yake iko Ediofe, ukishuka kidogo kutoka kanisani, na nilipofika maturubai yalikuwa yamekwisha kufungwa, wanawake wa jamaa wamekaa mikekani, sufuria ziko mekoni. Nilimwombea kwa njia ninayoijua mimi, maana sote ni wa Mungu na kwake tunarejea. Kisha mzee mmoja akashika kipaza sauti kueleza maisha ya marehemu, na katikati ya maelezo akasema, "Alioni alikuwa mtu wa vipimo. Hakupunguza, hakuongeza." Watu wakaguna kukubali. Wakati huohuo nikaletewa sahani ya ugali wa muhogo na nyama. Ng'ombe alichinjwa na Mwislamu, kama tufanyavyo huku kwetu ili waombolezaji wote wapate kula, kwa hiyo sikuwa na sababu ya kukataa. Lakini niliyatazama mafuta yakiganda ukingoni mwa sahani, nikasikia tena lile neno vipimo, nikashikwa na kinyaa. Nimejaliwa umri mrefu, namshukuru Mungu kwa hilo, na kwa muda mwingi nimejifunza kusubiri na kunyamaza. Kinyaa, hata hivyo, hakikunitoka. Nilimpa jirani yangu ile sahani na kumwambia nimefunga.

Nilikuwa nimetoka chuoni Kampala na diploma ya kemia, nikaajiriwa Koboko na mradi mdogo wa gundi ya mgunga. Ni gundi ile inayotoka mtini ganda likijeruhiwa, ikakauka kama machozi ya rangi ya asali. Wakulima wa Kuluba na Lobule waliichuma wakati wa kiangazi na kuileta kwa miguu na kwa baiskeli, na mradi uliwatafutia mnunuzi mbali, mtu wa viwanda vya dawa aliyetaka gundi ya kufunikia vidonge. Maabara yetu ilikuwa chumba kimoja nyuma ya stoo ya nafaka. Ukutani palikuwa na ramani iliyoliwa na mchwa. Dirisha lilitazama choo cha shimo cha majirani, na kwa kuwa stoo ilijaa muhogo mkavu, panya walipita juu ya dari mchana kweupe kana kwamba wana kazi ya haraka. Meza ilinata. Kitasa cha mlango kilinata. Gundi iliyoloweshwa ikikaa siku mbili huvuta nzi, na nzi wale walikuja kwanza chooni, ndipo wakaja kwetu. Nilikula chakula cha mchana hukohuko, angara, samaki wadogo wakavu, wa kupikwa na simsim, nikiwa nimefunika bakuli kwa kitabu, na mpaka leo samaki wadogo wakiwa na mchuzi mzito hunirudisha katika chumba kile.

Mzungu aliyeanzisha mradi alikuwa ametuachia bomba la kioo na kopo la shanga laini, ndogo kuliko punje za ulezi, za kujaza ndani ya bomba. Kazi yake ni rahisi kueleza. Kila shanga ina vitundu. Unamimina gundi iliyoyeyushwa juu, unaisukuma kwa maji polepole, na unapokea matone chini katika vichupa vilivyopangwa kwa zamu. Molekuli kubwa haziingii vitunduni, kwa hiyo hupita moja kwa moja na kutoka mapema. Ndogo huingia hiki na kile, zikachelewa. Ni kama siku ya soko: lori halina namna ya kuingia kwenye vichochoro vya wauza nguo, litapita barabarani na kwenda zake, lakini mtoto ataingia kila kibanda kabla hajafika upande wa pili. Mwisho tunatia asidi na dawa katika kila kichupa, na penye gundi panageuka rangi ya machungwa. Ukiona rangi imekuja katika vichupa vya mwanzo, gundi ni kubwa. Mnunuzi alitaka kubwa. Gundi iliyochanganywa na vitu duni, alituambia, itachelewa kutoka.

Swali la kwanza lilikuwa ni maji gani. Chuoni tulipewa maji yaliyokwisha kuchanganywa na mwalimu, chupa imefungwa, hukuuliza ndani mna nini. Koboko hakukuwa na chupa. Bwana Alioni akaamua tutumie maji ya mvua, yaliyokingwa kwenye mabati na kuhifadhiwa katika tangi la nyuma. "Maji ya mbinguni, binti," aliniambia huku akigonga tangi kwa pete yake. "Wewe mtu wa dini, unajua. Hayajaguswa na mtu. Ukitia kitu ndani, umeyachafua." Nilikubaliana naye. Madrasani nilifundishwa mapema kwamba maji yaliyobadilika ladha, rangi au harufu kwa kuchanganyika na kitu kingine si ya kujitwaharishia, na sikuona kwa nini kipimo kidai maji mengine kuliko yale ambayo sala inadai. Nikayachuja kwa pamba nikaanza kazi.

Shanga zile zilikuwa na tabia yao. Zisipotumiwa hutakiwa zihifadhiwe katika spiriti, la sivyo huota ukungu na kuoza, kwa sababu zimetengenezwa kwa kitu cha jamii ya sukari. Kulikuwa na kopo la dawa ya kuzuia ukungu, lakini lilikuwa na picha ya fuvu, na katika chumba cha panya na chakula nililifungia sandukuni. Spiriti haikupatikana hospitalini wala dukani. Meneja akasema basi ninunue arege, pombe kali ya muhogo inayopikwa vijijini, na mimi nikasema sitabeba arege sokoni nikiwa nimejitanda mtandio wangu. Tulipokuwa bado tunabishana ikaingia sikukuu, chumba kikafungwa, na shanga zikabaki katika maji ya mvua matupu. Nilipofungua mlango nilirudi nyuma mpaka nikagonga ukuta wa stoo. Harufu ile sina mfano wake. Juu ya shanga palikuwa na utando wa kijani wenye nywele, na chini yake kitu cha kijivu kilichovutika nilipokichota. Baadaye nilimuuliza shehe wangu, akanijibu kwa upole kwamba dawa si kinywaji, na arege ikaletwa. Nayo ilituonyesha mambo yake. Nilipoimimina kwenye bakuli lililokuwa bado na mabaki ya gundi, gundi yote ikajikunja kwa mara moja ikawa makamasi meupe, mazito, yakining'inia kwenye kijiti. Gundi haipatani na pombe. Nilitapika nje, penye kivuli cha tangi, na meneja akacheka akaniuliza kama nimeolewa kwa siri.

Basi nikaosha shanga zilizosalimika, nikajaza bomba upya, na kiangazi kikaanza. Magunia ya kwanza yalitoka Kuluba, kwa wanaume wa chama cha wachumaji. Mwenyekiti wao aliitwa Yeka, mtu mrefu, mchekeshaji, aliyekuwa shemeji yake meneja. Gundi yao yote ilitoka mapema, rangi ya machungwa ikiwaka vichupa vya mwanzo, na meneja akamwandikia mnunuzi kwa furaha kwamba West Nile ina gundi kubwa kuliko alivyotarajia. Kisha tangi likakauka. Nikawa nachota maji kwenye kisima cha pampu karibu na soko, nikiyachuja vilevile. Siku hizo ndipo alipofika Poni. Alikuwa Mkakwa kutoka upande wa Sudan, mjane, amekimbilia kwa ndugu zake Lobule, na alichelewa kwa sababu alichuma peke yake na baiskeli ilikuwa ya kuazima. Gunia lake lilikuwa safi kuliko yote. Alikuwa ametoa magome kwa kucha, kipande kwa kipande. "Mtoto yangu," aliniambia, "pima vizuri. Hii iko kazi ya mikono yangu, hakuna mutu alinisaidia." Nikapima. Gundi yake ikatoka ikiwa imechelewa, mbali kabisa na vichupa vya wenzake.

Nilirudia, ikatoka vilevile. Nilidondoshea iodini nione kama kuna wanga, haikugeuka buluu. Nikamweleza meneja kwamba wanga haumo, na kwamba nahitaji muda. Hakunipa. Aliitisha kikao cha chama kwenye uwanja wa stoo, akasema mbele ya watu wote kwamba gundi moja imeonekana na hila, na jina la mwenye gundi akalitaja. Hakuna aliyemwuliza Poni kitu. Walipitisha kipande cha gundi yake mkono kwa mkono, wakanusa, wakakishika dhidi ya jua, kana kwamba macho yao ni bomba. Yeka akakitia mdomoni, akakitafuna akitabasamu, akawakonyeza wenzake.

"Hii iko muhogo," akasema. "Nasikia hata ile ugali yake. Mama, mboga iko wapi?"

Watu wakacheka. Akatema. Mate yale mazito yaliangukia ardhini karibu na mguu wa Poni.

"Mimi nalitoa kwa mti," Poni alisema. "Twende, nitakuonyesha ule mti."

"Wakimbizi hawa, mti unazaa mpaka muhogo," mtu mmoja nyuma akasema, wakacheka tena.

Meneja akasema jina lake litafutwa katika chama, na gunia lake libaki stoo kama ushahidi. Huko Lobule, mtu akisemwa mwizi wa kuchanganya, hanunuliwi hata nyanya. Watoto wake huulizwa habari hiyo kisimani. Ndugu waliompokea huanza kuuliza atarudi kwao lini. Nililiona hilo usoni mwake, na nililiona pia kwamba wale waliocheka walijua.

Siku chache baadaye nilikuwa natia udhu kwa adhuhuri kutoka kwenye jerikeni la maabara, kwa kuwa maji mengine hayakuwepo. Niliposukutua, ulimi ukashika chumvi. Si nyingi, kidogo tu pamoja na ladha ya chuma, kama unapolamba ufunguo. Nilikuwa nimesukutua kwa maji ya tangi miezi yote ya mvua, nayo hayakuwa na ladha yoyote. Nilisali, na naungama kwamba katika sala ile moyo wangu haukutulia mahali pake. Nilipotoa salamu nikaenda moja kwa moja kwenye rafu, nikachukua gundi ya Yeka mwenyewe, ile iliyosifiwa, nikaipitisha katika maji ya kisima. Ikachelewa. Ikatoka katika vichupa vilevile vya Poni.

Huko ndiko nilikojifunza kitu ambacho chupa zilizofungwa za chuoni hazikunifundisha. Gundi hii ina asidi katika mwili wake, na kila kipande cha molekuli hukisukuma kingine. Katika maji matupu hujitanua, viwiko nje, kama mtu anayetaka benchi zima awe peke yake. Shanga nazo huisukuma, isiingie vitunduni, kwa hiyo hutoka mapema na kuonekana kubwa, na ukubwa ule ni wa uongo. Chumvi huituliza. Hujikunja ikarudi kiasi chake, ikaingia inapostahili kuingia, ikatoka wakati wake. Maji yetu ya mbinguni ndiyo yaliyoisifia gundi ya watu wa Kuluba kupita ilivyo, na maji ya kisima, yenye chumvi bila sisi kujua, yalikuwa yamesogea karibu na kweli. Maji ya kutwaharishia na maji ya kupimia si jambo moja. Mungu aliniwekea hukumu ya haya na akaniachia akili ya kutafuta hukumu ya yale.

Sikutaka kutegemea kisima, ambacho leo kina chumvi hii na kesho ile. Nikatafuta chumvi ya kutia mwenyewe. Magadi yalikuwa ya kwanza, kwa kuwa kila jiko linayo: maji yakawa ya utelezi, gundi ikageuka njano na kunuka kama sabuni ya kufulia iliyosahaulika. Niliyamwaga. Chumvi ya mezani ya sokoni iliyafanya maji kuwa na ukungu kwa sababu ya vitu wanavyotia isigande, kwa hiyo niliiyeyusha, nikaiacha itulie, nikachuja mara kadhaa mpaka ikawa angavu. Kisha nikaanza na kidogo, nikaongeza, nikaongeza tena, kila mara nikitazama rangi ya machungwa ikihama kwenda vichupa vya nyuma, mpaka ikafika mahali ambapo gundi ilikataa kusogea hata nilipoongeza chumvi. Hapo ndipo nikasimama. Nilipozidisha kupita hapo, gundi ikaanza kunata kwenye shanga na kutoka kwa kuburuta mkia, kwa hiyo nikarudi nyuma. Katika maji hayo nikapima gunia la kila mtu. Yote yalikuwa sawa. La Poni lilikuwa na taka chache kidogo, basi.

Nilimkuta meneja kwenye hoteli ya nyama choma, mezani na Yeka. Walikuwa na sinia la mbuzi. Nilisimama, kwa sababu hawakuniambia nikae, nikaeleza yote. Meneja alisikiliza akitafuna. Mafuta yalimtiririka mpaka kwenye saa yake, akayapangusa kwa kitambaa cha meza.

"Binti, unataka kusema sisi wote tumekosea?"

"Maji ndiyo yaliyokosea, Bwana Meneja. Tukitia chumvi, gundi zote ni moja. Mama Poni hakuchanganya kitu."

"Na mnunuzi nimwambie nini? Kwamba ile kubwa niliyomwandikia imepungua kwa kutiwa chumvi?" Yeka akacheka mpaka akapaliwa. Meneja akachokoa jino kwa ukucha, akatazama alichokitoa, akakila. "Sikia. Mwanamke mmoja atasahau. Mnunuzi hasahau. Tangi likijaa tena, tutarudi kwenye maji yetu ya mvua, na wewe utapima kama ulivyokuwa ukipima."

"Na jina lake?"

"Jina lake liko Sudan," Yeka akasema.

Nimeona mengi tangu hapo. Nimeosha maiti, nimekaa na wagonjwa wa kipindupindu, nimefukua choo kilichobomoka kwa mikono yangu, na kwa yote hayo sikuwahi kushikwa na kinyaa kama pale, nikitazama vidole vile vikirudi tena siniani. Shanga zilizooza zilikuwa na udhuru. Zilioza kwa kuwa kuoza ni tabia yao. Mtu huyu alijua, na alikuwa akila.

Sikumtii. Kikao kilichofuata cha chama nilibeba vichupa vyote kwenye mbao zake mpaka uwanjani, nikavipanga juu ya magunia matupu, mstari kwa kila mchumaji, jina mbele. Niliwatumia watu wa Lobule habari kwamba Mama Poni aje. Alikuja, akakaa pembeni na kanga yake imefungwa sana. Nilieleza kwa Kiswahili chepesi: maji matupu yanaongeza, chumvi inasema kweli, hii ni gundi ya fulani, hii ya fulani. Hawakuhitaji kusoma. Rangi ya machungwa ilisimama mahali pamoja katika kila mstari, wakaja mmoja mmoja kuangalia, wanawake kwanza. Mama mmoja wa Kuluba aliweka kidole kwenye kichupa cha mumewe, kisha kwenye cha Poni, kisha akamtazama Yeka.

Meneja akasimama haraka kabla manung'uniko hayajakua. Alikuwa na sauti nzuri, sauti ya kusoma masomo kanisani, na akaitumia. Alisema sayansi ni safari, alisema mradi ni familia, akanyoosha mkono kuelekea pembeni.

"Kwa hiyo, ndugu zangu, leo tunamsamehe Mama Poni. Tunamrudisha katika chama."

Baadhi wakaanza kupiga makofi. Poni akasimama.

"Munanisamehe nini?"

Makofi yakafa. Meneja akatabasamu, akasema, "Mama, yamekwisha."

"Nauliza. Munanisamehe nini? Mimi nalifanya nini?"

Poni hakukaa. Alisimama palepale akimtazama meneja, na meneja akatazama karatasi zake, na Yeka akatazama viatu, na mimi, niliyekuwa na majibu yote kwenye mbao, nilijua kwamba swali si langu. Nzi walitua kwenye vichupa. Mahali fulani nyuma ya stoo mtu alikuwa akitwanga, akaacha, akaendelea.

"Basi nipe kitu yangu," Poni akasema mwishowe.

Aliingia stoo mwenyewe, akaburuta gunia lake nje. Yule mama wa Kuluba akaingia nyuma yake, akatoa lake pia. Kisha mwingine. Meneja alisema, "Mama zangu, mama zangu, tuongee," lakini walikuwa wakisaidiana kunyanyua, wakiitana na kupumua kwa nguvu, hawakumsikia au hawakutaka. Gunia la Poni lilikuwa limechanika chini kwa meno ya panya, gundi inadondoka. Niliziba tundu kwa mtandio wangu wa bega, nikasaidia kuliinua kwenye baiskeli. Alikuwa anakwenda nalo mpakani, kupitia Lobule, kwa wanunuzi wa Congo ambao hawana bomba wala maji ya mbinguni.

Hakunishukuru. Aliniambia tu nishike kamba vizuri, maana njia ya Lobule ni mbovu.